Vidole Vitatu vya Uzi

Mpaka siku binamu yangu alipokuja, mke mwenza wa Bibi nilikuwa mimi, peke yangu, bila mshindani.

Babu alikufa kabla sijaota meno, lakini utani wa bibi na mjukuu hauhitaji mume awe hai. Asubuhi Bibi akifungua macho huniita, "Mke mwenzangu, umemficha wapi mume wangu?" Nami humjibu, "Kakuona unakoroma, kakimbia." Basi atacheka huyo, atakohoa, atatafuta kitambaa afute machozi, halafu atanituma maji. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika nyumba ile, kumchekesha Bibi. Kuosha vyombo nilikuwa nasaidia tu.

Baba alikuwa seremala Dar es Salaam, akija mwisho wa mwezi na mkate na maswali ya shule. Mama alikwisha achwa, akaolewa Zinga, ana watoto wengine wanaolia kwa zamu. Kwa hiyo mtu wangu mimi alikuwa Bibi. Nililala kitandani kwake, upande wa ukutani, kwenye bonde ambalo mwili wangu ulikuwa umelichimba tangu utoto. Na chini ya kitanda hicho, ndani ya sanduku, mlikuwa na kipande cha bafta nyeupe kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Bafta ile ilikuwa yangu. Bibi alikuwa ameniahidi kwamba mfungo ukiingia atanifundisha kushona kofia, zile za mkono zenye viua vya tundu ndogo ndogo, ambazo mwanamke huzishona mwezi mzima na mwanamume huzisahau msikitini siku ya kwanza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sijui kushona hata kifungo. Lakini ahadi ni ahadi.

Habari za Unguja zilitufikia kwanza kwa redio ya dukani, mwaka ule wa sitini na nne, siku chache kabla ya mfungo. Wazee walikusanyika barazani wakasikiliza, mmoja anasema afadhali, mwingine anasema Mungu apishe mbali, wote kwa sauti ya chini. Sisi watoto tukaambiwa twende tukacheze. Siku tatu baadaye habari zilifika kwa miguu.

Nilikuwa uani nasugua sufuria kwa mchanga. Kusema kweli sufuria ilikuwa mbele yangu nami nilikuwa namwiga mwalimu wetu wa chuo cha Kurani anavyopiga chafya katikati ya kusoma. Nikasikia hodi iliyokatika nusu. Shangazi yangu, yule aliyeolewa Unguja, alikuwa amesimama mlangoni na buibui lililochanika, na miguuni amevaa makubadhi ya kiume, makubwa, kama mtu aliyesimama juu ya mitumbwi miwili. Nyuma yake alikuwa binti yake, peku peku, magamba ya chumvi kwenye vifundo vya miguu, uzi wa buluu umezungushwa kifundo cha mkono wake wa kushoto.

Mimi, kwa mdomo wangu usio na pazia, nikasema, "Shikamoo shangazi. Hiyo miguu umeazima kwa nani?"

Bibi alikuwa amekwisha fika nyuma yangu. Alinizaba kofi. Katika maisha yangu yote Bibi hakuwahi kunipiga kwa sababu ya mzaha wangu. Nilishika shavu nikatazama makubadhi yale, kisha nikamtazama binamu yangu, na hapo hapo, kabla hajafungua mdomo, nikamchukia.

Makubadhi yalikuwa ya mumewe. Shangazi alieleza baadaye, amekaa kwenye mkeka, kikombe cha chai mkononi hakinywi. Walikuwa na duka dogo shamba, nje ya mji. Usiku wa kuamkia siku ile walisikia bunduki upande wa mjini. Siku ya pili watu wenye mapanga na bunduki walianza kupita nyumba kwa nyumba. Duka la jirani lilichomwa na watu wake ndani. Mumewe aliwatoa kwa mlango wa nyuma. Akamwambia, "Nendeni pwani kwa yule mvuvi. Mimi nafunga mlango wa mbele, nakufuateni." Shangazi alitoka mbio, akavaa kilichokuwa mlangoni. Walikaa kwenye mikoko mpaka maji yakawafika kiunoni. Mvuvi akangoja, akangoja, mwisho akasema yeye naye ana watoto. Bangili zake za dhahabu zikabaki kwa mvuvi, na wao wakashushwa ufukweni upande wa Zinga, wakapanda lori la nazi mpaka kwetu.

"Alisema anafunga mlango tu," Shangazi akasema. "Mlango wenyewe una komeo moja."

Bibi akamvuta kichwa bintiye akakilaza kifuani, mwanamke mzima, kama mtoto mchanga. Nami nilikuwa nimesimama na shavu langu, hakuna aliyelikumbuka.

Usiku huo nililala chini. Kitanda kilikuwa cha watu wawili, Bibi na mgeni, na Shangazi akapewa chumba cha Baba. Nilitandikiwa mkeka miguuni mwa kitanda kama paka. Nikamsikia binamu yangu akijigeuza upande wa ukutani, akiteremka kwenye bonde langu, bonde nililolichimba mwenyewe kwa miaka kumi na minne.

Naomba nieleweke. Sikuwa na moyo wa jiwe. Kama angekuwa mtoto wa kawaida, mwenye makamasi na uchokozi, ningempa hata mto wangu. Lakini alikuwa mzuri wa kila kitu. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja tu na akili za mtu mzima. Akiamkia, anapiga magoti. Maneno yake ya Kiunguja yalitoka yamepigwa pasi. Alipoandikishwa shuleni kwetu, mwalimu alimsomesha kitabu mbele ya darasa, kisha akaniangalia mimi, akasema, "Umesikia wewe, kasuku?" Majirani walileta futari, sahani imefunikwa kawa, "ya yule mtoto wa Unguja." Tambi, mihogo ya nazi, kaimati zinazong'aa kwa shira. Wote walipita mbele yangu kama mimi ni nguzo ya nyumba.

Nilifika mahali nikamwonea wivu hata msiba wake. Mimi baba yangu alikuwa hai, yuko Dar es Salaam anapiga randa, nani ataniletea kaimati kwa hilo?

Na kucheka kukapigwa marufuku. Nikifungua mdomo tu, Bibi ananiambia, "Shii, nyumba ina huzuni." Basi nikawa kama mganga aliyenyang'anywa mkoba. Siku moja nilijaribu, nikamwuliza Bibi mbele ya watu, "Mke mwenzangu, mume kaja leo?" Shangazi akainuka akaingia ndani. Bibi hakunipiga. Alinitazama tu, na yale macho yaliniuma kuliko kofi.

Lakini lililonimaliza ni bafta.

Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya alasiri, Bibi alifungua sanduku. Nilikuwa nimeketi nasubiri, nimenawa mikono na kucha. Akatoa kile kipande, akakikung'uta, akampa binamu yangu.

"Haya, mke mwenzangu," akamwambia. "Mshonee baba yako."

Mke mwenzangu! Nilihisi kama nimepewa talaka.

Binamu yangu akakipokea kile kipande kwa mikono miwili. Akafungua uzi wa buluu kwenye kifundo cha mkono wake, ukanyooka, na ndipo nikajua ni wa nini. Wanaoshona kofia wanajua: unazungusha uzi kichwani kwa mwenye kofia, juu kidogo ya masikio, unapiga fundo hapa na fundo pale, na huo ndio mzunguko wake. Ukipotea huna kofia. Ndiyo maana wengine huuvaa mkononi wakati wa kazi. Siku walipokimbia, binamu yangu alikuwa ndiyo kwanza ampime baba yake kofia ya Idi. Kitambaa kiliungua na duka. Uzi ulikuja nao.

"Itakuwa tayari Idi," akasema. "Baba atavaa Idi."

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Mikono ikasimama. Bibi akasema, "Inshallah," haraka, kama anayefunika chungu.

Maana watu wazima walikuwa na mazungumzo yao, nami nilikuwa na masikio yangu. Majirani walikuwa wameanza kumwuliza Bibi: huyu binti yako, mumewe ni hai au ni marehemu? Kama ni marehemu, asomewe hitima, naye mjane akae eda ndani, miezi minne na siku kumi. Kama ni hai, haya. Lakini mwanamke hawezi kukaa kati kwa kati. Bibi aliwajibu kwamba tungoje Idi. Idi ikipita bila habari, ndipo tutajua la kufanya. Binamu yangu naye alilisikia hilo. Kwa hiyo kila kiua alichokishona kwenye ile kofia alikuwa anamshona baba yake abaki hai. Alijua yeye, alijua Bibi, na mimi nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Jioni ile ile alikwenda kuoga. Hakuoga na uzi wake, aliuvua akauweka juu ya sanduku, umekunjwa kama nyoka mdogo. Bibi alikuwa anasali. Nilichukua wembe wa Bibi wa kukatia kucha. Nikapima vidole vitatu kutoka fundo moja, vyangu, vyembamba, nikakata. Kisha nikapiga fundo jipya kwenye ncha, dogo, zuri, la mtu asiyejua kushona lakini anajua kudanganya.

Nilichotaka ni kichekesho tu. Kofia itoke ndogo, iwakae watoto wa chuo, watu wacheke, na Bibi aone kwamba yule malaika wake wa Unguja hata kupima hajui. Baba mtu sikumfikiria kabisa. Kwangu mimi alikuwa kipimo.

Kile kipande kilichokatwa, chenye fundo la zamani, nilishindwa kukitupa. Kwetu tunafundishwa tangu wadogo: nywele za mtu, kucha za mtu, kipimo cha mtu, hakitupwi ovyo, kitaokotwa na wabaya. Mimi simwogopi mwalimu, lakini wabaya nawaogopa. Nikaona mahali pa kukificha. Mama alikuwa ameniletea jogoo kutoka Zinga, mwekundu, mwenye kiburi, amefungwa kitambaa mguuni asichanganyike na wa majirani. Nilimkamata, akanidonoa mara mbili kwa haki yake, nikakifutika kile kipande ndani ya mikunjo ya kitambaa, nikaongeza fundo. Nikamwambia, "Wewe ndiye shahidi. Ukiwika tu, nakula."

Binamu yangu alipotoka kuoga alizungusha uzi mkononi. Ulikuwa unazunguka mara tatu na kubaki kidogo. Sasa ulizunguka mara tatu ukaisha. Akautazama. Mimi nilikuwa nasoma kitabu kichwa chini miguu juu.

"Nimenenepa," akasema peke yake. "Vyakula vya Bibi hivi."

Kesho yake akakata bafta.

Wiki nne nilimtazama akishona. Sijawahi kuona mikono kama ile, na nasema hivi kwa uchungu. Sindano inaingia haina sauti. Viua vinapangana kama wanafunzi siku ya mkaguzi. Wanawake wa mtaani walikuja kutazama, wakashika, wakageuza upande wa ndani kutafuta mafundo, hawakuyaona. Bibi alikaa ubavuni pake akimtungia uzi kwenye sindano, yeye asiyeona tundu la sindano, anatunga kwa kubahatisha na kulowesha kwa mate, na ana saumu! Nikamkumbusha kwamba amekula uzi. Hakucheka. Binamu yangu alitabasamu kwa upande mmoja, akainama. Hata hilo lilinikera. Nani alimwomba tabasamu? Mimi nataka cheko la Bibi.

Siku ya ishirini na tisa kofia ilikwisha. Ilifuliwa, ikapigwa wanga, ikaanikwa juu ya bakuli. Baada ya alasiri binamu yangu akaileta kwa mama yake, imelazwa kwenye viganja.

Shangazi aliishika. Akaizungusha. Akaingiza mikono miwili ndani, ngumi kwa ngumi. Nikaona uso wake unabadilika, na furaha yangu niliyoihifadhi mwezi mzima ikanipanda kooni, tayari.

"Mwanangu," akasema, "hii ndogo."

"Si ndogo, Mama. Nimepima."

"Ndogo."

Alikuwapo mtoto wa jirani, wa miaka kumi hivi, ameleta sinia la kuazima. Shangazi akamwita, akamvika. Ikamkaa barabara, kama imepimwa kwake. Yule mtoto akajitazama kwenye maji ya ndoo, akacheka kwa raha. Hakucheka mwingine. Nilikuwa nimetega mdomo nianzishe, lakini cheko halikutoka.

Binamu yangu akavua uzi mkononi. Akauzungusha kwenye ukingo wa kofia, fundo kwa fundo. Ulikutana. Akauzungusha tena. Ukakutana.

"Uzi ndio huu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Nilimpima mimi mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakula korosho. Mama, kumbe baba alikuwa na kichwa kidogo? Mimi namwona mkubwa. Nikifumba macho namwona mkubwa."

"Na mimi namwona mkubwa," Shangazi akasema.

"Basi nimeanza kumsahau."

"Tumeanza wote." Shangazi akaivua kofia kichwani kwa mtoto, akaiweka mapajani, akailainisha. "Labda ndivyo wanavyoondoka. Wanapungua kidogo kidogo mpaka hawapo." Kisha akamgeukia Bibi, macho makavu. "Mama, usingoje Idi ipite. Kesho baada ya sala waambie wazee wamsomee hitima. Na mimi nipe kanga nyeupe, nikae."

Binamu yangu hakulia. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayeteremka kisimani, akaanza kuzungusha ule uzi kidoleni, kidoleni, kidoleni.

Hapa ningependa kuandika kwamba dhamiri iliniamka. Nitasema ukweli. Kilichonipitia kwanza kichwani ni kwamba Shangazi akikaa eda atakaa chumbani kwa Bibi, miezi minne na siku kumi, na binti yake ubavuni, na mimi bonde langu la ukutani sitaliona mpaka ndevu zimenitoka, mimi mtoto wa kike. La pili ni ile sauti: nimeanza kumsahau. Sijui lipi lilinisukuma zaidi. Nilisema:

"Si yeye. Ni mimi. Nilikata uzi."

Bibi akasema, "Shii."

"Wallahi nilikata. Vidole vitatu."

"Mtoto wewe!" Bibi akapiga kelele. "Hata leo? Hata kwa hili huna mahali pa kuacha mzaha?"

"Si mzaha, Bibi."

"Mtoe," Shangazi akasema kwa upole, akitazama ukuta. "Mtoe tu, Mama, anataka kutuchekesha. Si ubaya wake."

Hebu fikiria. Miaka yote nimewaambia uongo wameucheka, wameuamini nusu. Siku ya ukweli nimekuwa mchekeshaji. Nikasema nina ushahidi, kipande ninacho, kiko mguuni mwa jogoo. Mdomo wangu unapotamka jogoo nikasikia mwenyewe jinsi linavyochekesha. Binamu yangu akanyanyua macho akanitazama. Yeye peke yake.

"Jogoo gani?" akauliza.

"Wangu."

"Yule aliyepelekwa kuchinjwa?"

Nilisahau. Bibi alikuwa amempeleka tangu mchana, mwezi ukiandama tupate cha Idi. Nilitoka mbio, kichwa wazi, mtaa mzima unanitazama. Mchinjaji wetu alikuwa mzee wa msikitini, anachinja kuku wa mtaa nyuma ya nyumba yake, na siku ile alikuwa na kuku wa watu kumi na manyoya mpaka kwenye ndevu.

"Shikamoo babu. Jogoo wetu mwekundu."

"Marahaba. Kachinjwa. Kanyonyolewa. Kachukuliwa na nani sijui, kampelekea bibi yako kwa njia ya sokoni."

"Miguu yake?"

"Miguu?"

"Naitaka miguu yake, babu. Mmoja tu. Wenye kitambaa."

Alinitazama kama mtu aliyefunga mwezi mzima akafikishwa mwisho na mimi. Akanionyesha kwa kisu rundo kwenye kona, ambako paka watatu walikuwa na mkutano. Nikawaingilia. Mmoja alikuwa ameanza na mguu wa jogoo wangu, tukavutana, akanikwaruza mpaka leo kovu lipo. Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa. Niliondoka nao mbio, mguu wa kuku mkononi, damu yangu na ya jogoo, na nyuma yangu yule mzee anasema, "Ya Rabbi, mwezi na uandame leo hii hii, hawa watoto njaa imewapanda kichwani."

Waliketi vile vile nilivyowaacha. Niliuweka mguu wa kuku kwenye mkeka, mbele ya binamu yangu.

Alifungua kitambaa kwa kucha. Fundo langu lilikuwa gumu, akalifungua kwa meno, yeye aliyekuwa akipiga magoti kwa salamu. Akatoa kile kipande. Kilikuwa kimechafuka, lakini buluu ni buluu. Akalifungua na lile fundo langu la uongo kwenye uzi wake, akaweka ncha kwa ncha. Zilikutana. Wembe wa Bibi ulikata mshazari, na mshazari ukaingia kwenye mshazari. Akanyoosha uzi mzima kwenye mkeka, akauzungusha hewani kuwa duara, akaliinua mbele ya uso wake, na akatazama kupitia katikati yake kama mtu anayechungulia dirishani.

"Mama," akasema. "Ni mkubwa. Baba hajapungua."

Kisha akanipiga. Si kofi. Ngumi, begani, ya mtoto wa kiume. Halafu nyingine. Bibi hakumzuia, nami sikujikinga. Ya tatu ilikuwa dhaifu, na baada yake ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu alipofika kwetu, kwa sauti, kamasi na vyote. Alilia vibaya sana. Nilistaajabu kumbe kuna kitu asichokijua.

Nje watu walianza kushangilia, mwezi umeonekana. Shangazi akaikunja ile kanga nyeupe ambayo Bibi alikuwa amekwisha itoa.

"Hitima msisome," akasema. "Tutangoja."

Bibi hakunichapa. Alifanya baya zaidi: aliacha kuniita mke mwenza, akawa ananiita kwa jina langu, lile la shuleni, kamili, kama karani anayeita shauri. Sikukuu nzima. Miezi miwili na zaidi. Kila nikilisikia nilijua bado nimeachwa.

Kofia ndogo alipewa mtoto wa jirani, akatembea nayo Idi yote kifua mbele. Bafta iliyobaki ilitosha moja tu. Binamu yangu akanitupia mapajani.

"Utashona wewe," akasema.

"Sijui kushona."

"Najua hujui."

Nimeshona. Alikaa nami kila siku baada ya shule, na kila nilipokosea alinyofoa kwa sindano yake bila kunitazama usoni. Safu nzima ya viua aliing'oa mara nne. Nilijichoma mpaka vidole vikawa kama chekecheke, na mahali pengine ndani ya kofia ile pana madoa ambayo wanga haukuyaficha. Nimeimaliza Idi Kubwa imekwisha pita. Imepinda upande mmoja, viua vyake vingine vinakodoa macho na vingine vimesinzia. Lakini mzunguko wake ni sawasawa, fundo kwa fundo. Iko kwenye chango ukutani, na chini yake yamepangwa yale makubadhi.

Mwenyewe hajaja. Ilisikika kwamba kuna watu wa Unguja wameshukia Pangani, Shangazi akaenda, akarudi. Ikasikika wengine wamefungwa, wengine wako Mombasa. Ijumaa Bibi huikung'uta kofia vumbi na kuirudisha. Majirani bado wanauliza, na Shangazi bado anajibu kwamba alisema anafunga mlango.

Mimi bado nalala chini. Siku ile niliyoitundika kofia, Bibi aliitazama sana, akasema masikini, itamfaa, asipogeuka pembeni. Binamu yangu akachukua uzi wake, uliounganishwa kwa fundo katikati, akanizungushia mimi kichwani bila kuniomba. Haukukutana. Ulibaki wazi vidole vinne.

"Bibi, njoo uone," akasema. "Kichwa kikubwa hivi, na ndani mlikuwa na wazo moja tu, nalo la jogoo."

Bibi akacheka. Akacheka lile cheko lenyewe, la kukohoa, la kutafuta kitambaa, ambalo nilikuwa sijalisikia tangu kabla ya mfungo. Hata Shangazi alifunika mdomo kwa kanga. Na mimi nilisimama na uzi kichwani, nimeungua kwa wivu, maana kitanda kachukua, bafta kachukua, sasa kaniingilia na kazini.

"Mke mwenzangu," Bibi akaita, akipangusa macho, "hebu niletee maji."

"Labeka," nikaitika.

"Labeka," akaitika binamu yangu, wakati ule ule.

Tukatazamana. Halafu tukakimbilia mtungi wote wawili, tukisukumana mlangoni, na naandika hapa ijulikane kwamba kata ya kuchotea niliishika mimi kwanza.